Panya Chiyo Ndani ya Kengele ya Shaba

Hapo zamani za kale, watoto wangu, na nikisema kale msidhani nasema juzi, nasema kale ile ambayo hata babu yake babu alikuwa hajaota jino, kulikuwa na bonde moja katika visiwa vya Japani, kule mbali linakochomozea jua. Katika bonde hilo wanyama wadogo walilima mpunga. Panya walilima, vyura walilima, mijusi walilima. Hata konokono walilima, ingawa konokono akianza mstari asubuhi, jioni ulimkuta palepale anafuta jasho.

Miongoni mwao alikuwamo panya mmoja wa kike aitwaye Chiyo. Alikuwa mdogo, mwembamba, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa maneno. Mumewe aliitwa Mokichi. Mokichi alikuwa mwema sana, lakini mwoga! Kivuli chake mwenyewe kikimpita, alikiamkia "Shikamoo." Watoto wao walikuwa wengi kiasi kwamba Chiyo akiwaita kula hakuhangaika na majina. Alisema tu, "Nyie wote!" nao wakaja wote.

Sasa, bonde lile lilikuwa na kengele.

Msidhani ni kengele kama ile ya shuleni kwenu. Hii ilikuwa ndefu, kama ndoo iliyofudikizwa kisha ikabanwa ubavuni na mtu mwenye nguvu. Juu ilikuwa na mpini wa kutundikia, uliopinda kama upinde wa mvua. Huku na huku ilikuwa na kingo nyembamba kama mapezi ya samaki. Siku hizi watu wa Japani wakichimba milimani huzikuta kengele za namna hiyo, zimegeuka kijani kwa kukaa ardhini miaka na miaka, nao husimama wakaulizana, "Nani alizifukia? Na kwa nini?" Hakuna ajuaye kwa hakika. Lakini kengele ya hadithi yetu ilikuwa bado mpya, na iling'aa mpaka ukiitazama lazima ufumbe jicho moja.

Aliyeitengeneza ni Bi Toku, chura mzee mwenye mashavu mapana. Alifinyanga udongo, akatengeneza umbo la kumiminia. Akachukua kijiti, akachora picha ndani ya udongo ule ungali mbichi. Halafu akayeyusha shaba na bati pamoja, akipuliza moto kwa mashavu yake, fuuu! fuuu! fuuu! mpaka vikawa kama uji mwekundu. Akamimina, shwaaaa! Ilipopoa akavunja udongo, ko! ko! ko! Kengele ikatoka, na zile picha zimejitokeza mwilini mwake.

Kulikuwa na kereng'ende amekunjua mabawa. Kulikuwa na korongo ana samaki mdomoni. Kulikuwa na watu wawili wanatwanga kwenye kinu kimoja, mmoja ameinua mchi, mwenzake ameshusha. Na kulikuwa na ghala la nafaka lililosimama juu ya nguzo ndefu.

Ndani ya kengele, Bi Toku alining'iniza ulimi wake: kipande cha shaba kilichofungwa kwa kamba. Ukiitikisa kengele, ulimi unagonga huku, unagonga kule.

Ngoooong! Ngoooong!

Kila mwaka, wakati wa kupanda ukifika, wanyama wa bonde waliitundika kengele mtini, wakaipiga. Wenzao waliokaa ng'ambo ya kilima wakisikia huja mbio, na wote hupanda pamoja huku wakiimba.

Lakini mwaka ule kulitokea balaa. Theluji ya mlimani iliyeyuka kwa kasi, ikaliporomosha jiwe kubwa, bwii! bwii! bwii! likaja kukaa katikati ya mfereji. Maji yakakatika. Majaruba, yale mashamba ya mpunga ya kujazwa maji, yakaanza kupasuka nyufa. Miche ya mpunga, iliyokuwa kitaluni inangoja kupandwa, ikaanza kuwa ya njano.

Panya walisukuma jiwe lile. Vyura walisukuma. Jiwe halikutikisika hata kidogo.

"Miche ikikauka, hakuna mpunga," Chiyo alimwambia Mokichi. "Na pasipo mpunga, wanangu watakula nini majira ya baridi? Theluji?"

"Tuwaite wa ng'ambo," alisema Mokichi. "Labda tukiwa wengi litasogea."

Ndiyo maana asubuhi hiyo walikuwa wameitoa kengele, wanaifunga tawini. Kabla hawajaipiga, ardhi ikatetemeka.

Tingi! Tingi! Tingi!

Alikuwa Gonta.

Gonta alikuwa dubu. Alikuwa mkubwa, na kitu alichokipenda kuliko asali ni kuambiwa kwamba ni mkubwa. Kila asubuhi alijichana manyoya kwa tawi la msonobari, kisha akajitazama kwenye dimbwi mpaka aridhike. Nyuma yake alitembea Daigo, nguruwe-mwitu, jirani yake, ambaye kazi yake maishani ilikuwa kuitikia.

"Daigo! Nani mkubwa?"

"Wewe, bwana mkubwa!"

"Nani mzuri?"

"Wewe tena, bwana mkubwa! Wa pili hayupo!"

Gonta akaiona kengele. Akafumba jicho moja. "Hiki kinachong'aa ni nini?"

"Ni kengele yetu, Bwana Gonta," alijibu Bi Toku kwa adabu. "Ndiyo inayotuitia watu. Mfereji wetu umezibwa na jiwe, na tulikuwa..."

"Ina sauti?"

"Ina sauti kubwa sana, bwana."

"Basi ni yangu," alisema Gonta. "Mkubwa anastahili sauti kubwa. Nitaipiga kila asubuhi nyumbani kwangu, na mkiisikia, mje wote kuniamkia. Watakaochelewa, Daigo atawafundisha kuwahi."

"Na mfereji wetu?"

"Mfereji wenu, shida yenu."

Akaing'oa kengele tawini, tawi likakatika, kwaa! Akaitupa mgongoni, huyoo, akaondoka. Wanyama walitawanyika, huyu shimoni, huyu chini ya jani. Mokichi alijificha nyuma ya mkewe. Kisha akageuka, na mkewe hayupo.

Chiyo alikuwa amekwisha ruka. Aliparamia mguu wa dubu, akapita mgongoni kama upepo, akajitumbukiza ndani ya kengele. Alikuwa na wazo moja tu kichwani: kengele hii ikilia kwa Gonta, watu wa ng'ambo watakimbilia huko, na huku kwetu hatakuja mtu. Isilie!

Akaikamata kamba ya ulimi, akaanza kuitafuna. Krr-krr-krr! Gonta hakusikia kitu, kwa sababu alikuwa anaimba wimbo wa kujisifu, na wimbo wenyewe ulikuwa mrefu. Wakati anavuka tuta la jaruba la mwisho, kamba ikakatika. Ulimi ukaanguka katika matope machache yaliyokuwa yamesalia jarubani. Chubwi!

"Sasa na mimi niruke," Chiyo alijiambia. Akachungulia chini. Lo! Matope yalikuwa yamekwisha, na sasa ni mawe matupu yanapita mbio, makali kama meno. Akafumba macho, akajizungushia kipande cha kamba kilichobaki, akang'ang'ania.

Gonta alipofika pangoni kwake aliishusha kengele sakafuni, mdomo chini. Dung! Giza likamfunika Chiyo kama kifuniko kinavyofunika wali. Mwanga pekee uliingia kwenye vitundu viwili vidogo ubavuni mwa kengele, vilivyobaki tangu siku ya kumimina shaba. Akaweka jicho kwenye kitundu kimoja. Aliona pua ya dubu, kubwa, imelowa.

Alifikiria watoto wake. Moyo ukawa unampiga, du-du-du-du, mpaka akaogopa utasikika.

"Daigo, sikiliza sasa," alisema Gonta. Akaishika kengele, akaitikisa kwa nguvu zake zote. Chiyo akarushwa huku, akarushwa kule. Kimya. Gonta akaipiga kofi. Kofi lake lilikuwa na manyoya mengi. Likatoa sauti kama mtu anayepiga mto. Puf!

"Haisemi," alisema Gonta.

"Labda imelala, bwana mkubwa."

"Iamshe."

Daigo akatafuta jiwe. Akalipata moja zuri, kubwa, lenye ncha. Akalinyanyua. Chiyo akaliona kupitia kitundu, linakuja.

Watoto wangu, mngefanya nini? Angelia, wangejua ni panya. Angenyamaza, angepondwa au angepasuka masikio. Basi akajaza kifua pumzi, akasogeza mdomo karibu na shaba, akanguruma:

"WEEEE! THUBUTU!"

Msisahau alikuwa ndani ya kengele. Sauti yake ndogo iligonga huku, ikagonga kule, ikavimba, ikatoka nje kubwa kama ngurumo ya mbali. Daigo alidondosha jiwe juu ya kwato zake mwenyewe.

"Uwiii! Inasema! Inasema!"

Gonta alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. "Na... nani huyo?"

"Kwani unaona nani hapa?" ilisema kengele. "Unanibeba njia nzima mgongoni kama furushi la kuni, unanipiga makofi, halafu unaniuliza mimi nani?"

"Samahani," alisema Gonta. Tangu azaliwe hakuwahi kulisema neno hilo, akashangaa lilivyo jepesi. "Mbona... mbona hulii?"

"Nilie na nini? Nina njaa! Nina kiu! Mkubwa kama wewe unaleta mgeni nyumbani, humpi hata maji?"

"Daigo, lete maji!"

"Si maji ya kikombe!" ilifoka kengele. Chiyo alikuwa anawaza haraka haraka. Akakumbuka picha. "Nitazame mwilini. Unaona nini hapo juu?"

Gonta akasogea, akainama. "Naona kereng'ende."

"Kereng'ende huishi wapi?"

"Kwenye maji."

"Maji gani?"

"Yale ya... ya majaruba?"

"Umejibu vizuri! Una akili kuliko ulivyo mkubwa. Na majaruba sasa yakoje?"

"Makavu," alisema Gonta, na kifua kimekwisha tanuka kwa sifa ile.

"Basi huyo kereng'ende wangu amekauka, na mimi koo limekauka. Maji yakirudi jarubani, nitaanza kupata sauti."

Gonta na Daigo wakatazamana.

"Bwana mkubwa," alinong'ona Daigo, "mimi sijawahi kusikia kengele inayotaka kereng'ende."

"Wewe umewahi kusikia kengele ngapi?"

Daigo akafikiri. "Hakuna."

"Basi nyamaza."

Gonta akaibeba tena kengele, safari hii kwa kuikumbatia kifuani kama mtoto. Wakateremka bondeni. Walipofika kwenye nyasi laini za kando ya mfereji, Chiyo alitazama chini, akaona ardhi iko karibu, laini kabisa. Hapo angeruka. Angeingia nyasini, na kabla dubu hajapepesa jicho angekuwa nyumbani, watoto wamemzunguka.

Akalegeza mikono. Kisha akaliona lile jiwe, liko palepale mferejini. Akaiona miche ya njano.

"Nikiruka, ataiona kengele tupu, atarudi nayo nyumbani," aliwaza. Akakaza tena mikono yake kwenye kamba.

Gonta akaiweka kengele juu ya tuta, akaliendea jiwe. Akalikumbatia. Akasukuma. "Hhhhmmm! Hhhhmmm!"

"Unaliogopa?" iliuliza kengele.

"Mimi? Niogope jiwe?" Akasukuma mpaka macho yakamtoka. Jiwe likalia krrrr, likajigeuza, likabingirika pembeni, budu! Na maji yakaja. Chuuuuu! Yakakimbia mferejini, yakaruka kwenye majaruba, yakaingia nyufani, na udongo ukayanywa ukilia fyu-fyu-fyu.

Mashimo yote ya bonde yakachungulia. Masikio yakatokeza, pua zikatokeza. Mmoja wa watoto wa Chiyo, yule mwenye mdomo kama wa mama yake, alikuwa ameiona ncha ya mkia ikining'inia chini ya kengele wakati imebebwa. Akapiga kelele:

"Mama! Yule mama!"

Gonta akageuka. "Nani mama? Mama nani?"

"Umesikia?" ilinguruma kengele haraka. "Hata vitoto vya panya vina adabu, vinaniita mama! Nyinyi wawili tangu asubuhi mwaniitaje? 'Hiki'! 'Hicho'! Hamkufundishwa kwenu?"

"Tusamehe, Mama Kengele," alisema Gonta, akainamisha kichwa.

"Daigo sijamsikia."

"Tusamehe, Mama Kengele," alisema Daigo, shingo upande.

Ndani ya shimo, Mokichi alikuwa ameziba mdomo wa yule mtoto kwa mikono yote miwili. Alikuwa ameelewa. Akaanza kunong'ona kwa jirani, jirani akanong'ona kwa jirani yake, na mnong'ono ukatembea chini ya ardhi bonde zima: "Chiyo yumo ndani. Mtu asicheke. Tafadhali, mtu asicheke."

"Sasa picha ya pili," ilisema kengele. "Unaona nani?"

"Korongo, ana samaki mdomoni."

"Korongo huyo anasimama wapi? Juu ya mabonge ya udongo? Miguu yake ile myembamba si itavunjika! Anataka jaruba lililosawazishwa, matope laini kama uji."

Basi wakaingia, dubu na nguruwe-mwitu, wakaanza kukanyaga. Chabu-chabu! Chabu-chabu! Gonta alikanyaga kwa fahari, magoti juu, kama anacheza ngoma. Daigo alifukua mabonge kwa pua, akayapasua, akayasawazisha. Kazi ambayo wadogo wangeifanya mpaka migongo ipinde, hao waliimaliza kabla jua halijashuka. Jaruba likatulia, likang'aa, mbingu ikaonekana ndani yake.

"Nimeanza kusikia sauti inakuja," ilisema kengele. "Bado hawa wawili. Unawaona?"

"Wanatwanga."

"Wanatwanga nini?"

"Mpunga."

"Mpunga uko wapi?"

Gonta akatazama huku, akatazama kule. "Haujapandwa."

"Basi maskini wanatwanga kinu kitupu, na mikono inawauma. Waite watu wapande."

"Niwaite na nini? Wewe mwenyewe huna sauti."

"Na wewe je? Kuna mwenye sauti kubwa kukuzidi katika milima hii?"

Hilo Gonta hakuhitaji kuulizwa tena. Akapanda juu ya tuta, akajichana manyoya kidogo kwa makucha, akavuta pumzi, akanguruma:

"NJOOOOOONI MPANDEEEEE!"

Sauti ikaruka kilima, ikaenda ng'ambo, ikarudi. Panya wa ng'ambo wakaisikia, wakaja. Vyura wakaja wakirukaruka. Mijusi wakaja. Hata konokono wakaanza safari. Walibeba miche mikononi, wakaingia majini, wakachomeka mche, wakachomeka mche, huku wanaimba, na walipompita Gonta walimpungia mikono.

"Ahsante, Bwana Gonta!"

"Umetuokoa, Bwana Gonta!"

"Nani alifungua mfereji? Gonta! Nani alisawazisha jaruba? Gonta!"

Gonta alisimama amelowa matope mpaka masikioni, na hakujua kwa nini anajisikia vizuri hivyo. Aliambiwa mkubwa kila siku, lakini aliambiwa na Daigo, na Daigo alikuwa mmoja.

Daigo hakufurahi. Mgongo ulimuuma, na hakuna aliyelitaja jina lake. Alikuwa bado anachokonoa matope kwa hasira kwenye jaruba la mwisho, pua yake ikagonga kitu kigumu. Kting! Akakiinua, akakiosha. Kilikuwa kipande cha shaba chenye kamba, na kamba ilikuwa na alama za meno madogo, madogo sana.

Daigo alikuwa mzito wa kufikiri, lakini akianza hasimami. Akatazama kamba. Akatazama kengele. Akaenda taratibu, akamvuta Gonta pembeni, akamwonyesha.

"Bwana mkubwa," alisema, "Mama Kengele ana meno."

Gonta akaichukua kengele, akaigeuza mdomo juu, akachungulia. Ndani, chini kabisa, panya mmoja alikuwa amekaa, amekumbatia mkia wake.

"Habari za kazi?" alisema Chiyo. Sasa sauti yake ilikuwa ndogo kama ilivyo.

Gonta akamtoa kwa mkia, akamning'iniza mbele ya uso wake. Jicho lake moja lilikuwa kubwa kuliko kichwa cha Chiyo. Pumzi yake ilikuwa ya moto.

"Ni wewe," alisema taratibu. "Siku nzima. Kereng'ende ni wewe. Korongo ni wewe."

"Ni mimi, Bwana Gonta."

"Nimesukuma jiwe kwa ajili ya panya. Nimeomba samahani kwa panya. Nimemwita panya mama!"

"Mara nyingi," alikumbusha Daigo.

"Mle, bwana mkubwa," aliongeza Daigo. "Mle sasa hivi!"

Gonta akafungua kinywa. Chiyo aliyaona meno yote mpaka ya nyuma. Lakini ulimi wake haukutetemeka.

"Nile, una haki," alisema. "Lakini kabla hujafunga mdomo, wasikilize wale."

Kule majini waliimba. "Gonta! Gonta! Mwenye nguvu na moyo mwema, Gonta!" Watoto wa panya walikuwa wanamchora matopeni kwa vijiti, dubu mkubwa kuliko mlima.

"Wageni wa ng'ambo hawajui lolote," alisema Chiyo. "Wameona dubu amefungua mfereji, basi. Leo wakirudi kwao watasema, 'Tumemwona Gonta, mkarimu.' Lakini ukinila, watauliza, 'Kamlaje panya wa watu? Alimkosea nini?' Na mume wangu atalazimika kueleza. Yeye ni mwoga, lakini akilia husema kila kitu. Atasema, 'Mke wangu alimtuma Gonta kazi siku nzima, na Gonta akaitika.'"

Gonta akafunga kinywa kidogo.

"Chagua mwenyewe," Chiyo aliendelea. "Ukiniweka chini, leo ulikuwa mkarimu. Ukinila, leo ulikuwa mjinga. Na mimi nikiwa hai, naapa kwa watoto wangu, hutasikia neno hili kutoka kinywani mwangu."

Dubu akawaza. Mnajua dubu akiwaza, unaweza kusikia. Mmmm. Mmmm. Akawatazama wale wanaoimba. Akatazama picha yake kwenye matope. Polepole, akamweka Chiyo juu ya tuta.

"Na kengele?" alisema Chiyo.

"Kengele nini tena?"

"Mkarimu hairudishi kengele kwa kuificha nyuma ya mgongo. Huileta mwenyewe, kwa mikono miwili, mbele ya watu wote. Watapiga makofi, utaona."

"Bwana mkubwa, usimsikilize tena!" alipiga kelele Daigo. "Mimi nitawaambia! Nitawaambia wote kwamba..."

"Kwamba nini?" Gonta alimgeukia. "Kwamba wewe ulifukua matope kwa pua kwa amri ya panya?"

Masikio ya Daigo yakaanguka.

Basi Gonta akachukua kengele kwa mikono miwili, akaifungia ulimi wake kwa kamba mpya, akatembea nayo katikati ya majaruba, kichwa juu, tingi, tingi, tingi. Wanyama wakampisha. Akaitundika mtini, kwenye tawi imara kuliko lile la kwanza. Bi Toku akalia machozi ya furaha, kuo! kuo! kuo!

"Ipige wewe mwenyewe, Bwana Gonta," alisema.

Gonta akaipiga.

NGOOOOONG!

Na makofi yakapigwa, watoto wangu! Yalipigwa mpaka samaki wakaruka majini. Walimlisha Gonta maandazi ya mchele mpaka akashindwa kuinuka, akalala palepale kando ya jaruba, na watoto wa Chiyo wakapanda juu ya tumbo lake wakawa wanateleza, shwii! wanapanda tena, shwii!

Mokichi akamkaribia mkewe. "Mke wangu, alikuwa amekufungulia kinywa. Nimeona kwa macho yangu. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ana roho nzuri," alisema Chiyo. Akaketi, akameza andazi zima kwa mara moja, kwa maana alikuwa hajala tangu asubuhi.

Hakusema zaidi, siku ile wala siku nyingine, kwa kuwa alikuwa ameapa. Nanyi najua mnataka kuniuliza, kama Chiyo hakusema, mimi nimejuaje? Haya, nani mwingine alikuwapo? Ndiyo! Daigo! Aliweza kustahimili mgongo kumuuma, aliweza kustahimili kutosifiwa, lakini kunyamaza alishindwa. Akamwambia mkewe, mkewe akamwambia dada yake, na mpaka mpunga unaiva, milima yote ilikuwa inacheka, isipokuwa Gonta, ambaye alikuwa hasikii, kwa sababu alikuwa anasawazisha jaruba la jirani.

Basi watoto wangu, likamateni hili: anayependa sana kusifiwa, hata panya anaweza kumtuma kazi.